Mdhamini wa Jukwaa Kuu

MAELEZO YA SHAHIDI

Kituo: Polisi, Manispaa ya Singida
Tarehe: 17/5/2024, kuanzia saa 4:20 asubuhi
Kuhusu: Taarifa ya kujipatia saini kwa udanganyifu, mkopo wa paa la jukwaa kuu, Uwanja wa Mawemawili
Jina la shahidi: Winfrida Alute
Umri: Miaka 59
Kabila: Mnyaturu
Dini: Mkristo
Kazi: Mkamuaji na muuzaji wa mafuta ya alizeti
Makazi: Utemini, Singida

Mimi ndiye mwenye jina hilo hapo juu. Kwenye kipengele cha kazi, afande aliniuliza kama aandike mkulima, kwa sababu mashine sina tena tangu Jumanne. Nimemwambia aandike kazi ninayoijua. Mlalamikaji katika jambo hili ni mwanangu wa kumzaa, Manase Enock. Anayelalamikiwa ni Bwana Paschal Marko, mwenyekiti wa kamati ya jukwaa. Naanza na mume wangu, Mzee Enock, ingawa najua hayumo kwenye kesi, maana bila yeye hamtaelewa nilifuata nini kwenye mambo ya mpira.

Mume wangu alikuwa mwamuzi wa mpira hapa mkoani kwa miaka mingi. Mashabiki wa Mawemawili walikuwa wakimpigia kelele kwamba refa hana macho. Alikuwa akirudi nyumbani anacheka, anasema, "Wangejua ninavyowaona." Mwaka 2015 alipoanza kuona ukungu tulidhani ni vumbi la uwanjani. Hospitali walisema ni presha ya macho na tumechelewa. Mwaka 2017 macho yote mawili yakazima. Walewale waliokuwa wakimtukana walikuja kumpa pole, kila mtu na kuku wake, na hakuna aliyethubutu kulirudia lile neno. Alilirudia yeye mwenyewe. Aliwaambia, "Haya, sasa mmepata mlichokuwa mnakitaka." Wakacheka kwa shida.

Mpira hakuuacha. Kila Jumapili yenye mechi nilimshika mkono tukaenda kukaa jukwaa kuu, lile lililojengwa kwa nguvu za wazee wetu, ngazi za zege na bati juu. Watu wanadhani bati lile ni la kuzuia jua. Kwa mume wangu lilikuwa kitu kingine. Sauti ya uwanjani inapanda, inagonga bati, inamshukia. Alikuwa anajua mpira uko upande gani na nani anakimbia bila mpira. Mimi mpira siujui sana. Kazi yangu ilikuwa kumwambia rangi za jezi, mengine ananiambia yeye. Watu wa ngazi za nyuma walikuwa wakimuinamia kumuuliza, "Mzee, penalti ile ilikuwa halali?" Naye anawajibu, na wao walikuwa na macho yao mazima.

Mnamo tarehe 21/11/2021 jioni, upepo uling'oa paa lote la jukwaa kuu. Upepo wa hapa Singida tunaujua, ila ule ulikuwa na chuki. Bati nyingine ziliokotwa mbali huko mashambani. Hakukuwa na mechi, kwa hiyo hakuna aliyeumia, na jukwaa likafungwa. Tukahamia mzunguko, yaani kule kwenye nyasi ambako watu hukaa pasipo paa. Tulienda mara moja tu. Upepo ulikuwa unabeba kila sauti na kuipeleka upande wake. Tumekaa, tumekaa, mume wangu akaniuliza, "Wameanza?" Walikuwa wanakaribia mapumziko. Nilimwambia ndiyo kwanza wanaanza. Haikuchukua muda kipenga cha mapumziko kikapulizwa karibu yetu, watu wakainuka kwenda kununua maji. Akasema, "Mama Manase, twende nyumbani."

Tangu siku hiyo alinyamaza. Hakuugua. Alikuwa anakula, anaoga, anaitikia salamu za watu. Nilimnunulia redio mpya, akasikiliza siku mbili, akasema redioni anaambiwa, kule uwanjani alikuwa anajua mwenyewe. Akaizima. Nimeishi na mtu huyu zaidi ya miaka thelathini, mpole kwa wageni na mbishi kwangu, na ubishi wenyewe ndiyo uliokuwa maisha yetu. Sasa hata ubishi hakuna. Nilikuwa na hamu naye, afande, na yeye amekaa kwenye kiti mbele yangu anamenya karanga. Afande ameniuliza hilo linahusianaje na mkopo. Nimemwambia aandike tu, litahusiana.

Mwezi wa sita mwaka 2023 kamati ya jukwaa iliitisha mkutano palepale uwanjani. Bwana Paschal, ambaye ana duka la vipuri vya pikipiki karibu na soko, alieleza kwamba michango ya wanachama imetosha nguzo na mbao, bati hakuna. Alisema imepatikana kampuni ya mikopo yenye ofisi karibu na stendi, iko tayari kukopesha, na deni litalipwa kwa viingilio vya mlangoni. Akasema, "Ndugu zangu, kinachotukwamisha ni mdhamini tu. Kampuni inataka jina la mdhamini wetu."

Hapo ndipo lilipo jambo lenyewe. Sisi watu wa mpira neno hilo tunalisikia kila siku. Mdhamini ni yule anayetoa jezi na maji, na jina lake linaandikwa kifuani na ukutani. Ligi ina mdhamini, timu ina mdhamini. Yasinta, mweka hazina, alisema timu kubwa zinadhaminiwa na mabenki, sisi wa Mawemawili nani atatutaka. Watu wakacheka. Mimi nikanyoosha mkono, nikasema mashine yangu ya Utemini itaidhamini timu. Nilipigiwa makofi. Sijawahi kupigiwa makofi maishani mwangu, hata siku ya harusi yangu watu walikuwa na haraka ya kula.

Afande ameniuliza, mtu wa biashara wa umri wangu, inakuwaje sijui kwamba mkopo nao una mdhamini. Najua. Kukopa sijawahi, mashine niliinunua kwa ng'ombe alioniachia baba, lakini wanawake wenzangu wanadhaminiana kwenye vikundi vyao na nawaona wanavyokimbizana. Neno nilikuwa nalo kwa maana zote mbili. Siku ile tulikuwa tumekaa uwanjani, ikaja maana ya uwanjani. Ilikuja kwa watu wote pale, na kwa mwenyekiti pia. Yeye alidhani kampuni inataka kuhakikisha timu ina mtu nyuma yake, isije ikawa timu ya kuokota.

Mnamo tarehe 10/8/2023 tulikwenda na mwenyekiti kwenye ofisi ya kampuni. Alikuwepo kijana wa mikopo, mstaarabu, simkumbuki jina. Aliniuliza, "Mama, wewe ndiye mdhamini? Unaelewa udhamini ni nini?" Nikamwambia naelewa sana, na jezi nitawapa za njano. Alicheka. Nadhani aliona namtania. Mimi nikaona amefurahi. Palipoulizwa mali za mdhamini nilitaja mashine, na nikamhimiza aandike na ukubwa wake, kwa sababu nilitaka waone kwamba timu yetu haijaokota mtu barabarani. Nikasaini. Mwenyekiti hakunificha ukurasa wowote. Tulitoka tukanywa soda, akalipa yeye.

Wiki iliyofuata fundi wa maandishi alichora ukutani chini ya jukwaa: MDHAMINI MKUU, MAMA MANASE, MAFUTA SAFI YA ALIZETI, UTEMINI. Rangi alinunua mwenyekiti kwa fedha yake. Naomba polisi wakaangalie, bado yapo. Mtu anayekuibia hakuandiki ukutani kwa herufi ambazo mji mzima unasoma.

Mnamo tarehe 29/10/2023, Jumapili, bati zilikuwa zimefika nusu ya jukwaa, na ikaruhusiwa watu wakae upande huo. Tulicheza na timu kutoka Manyoni. Nilimwambia mume wangu twende, akakataa. Nikamwambia jina langu liko ukutani, nitaonekanaje nikienda peke yangu kama mjane. Akaja. Nilimkalisha ngazi yake ya zamani, nikamwambia sisi njano, wageni bluu. Mechi ikaanza, hakusema neno. Mimi sikutazama mpira, nilikuwa namtazama yeye. Akainua uso kidogo, akageuza shingo, akasema, "Ameotea huyo." Kibendera kilikuwa bado chini. Kisha kikapanda. Mtu aliyekaa mbele yetu aligeuka akamtazama mume wangu machoni, kisha akanitazama mimi. Nilijifanya natafuta kitu kwenye mkoba, kwa sababu machozi yalikuwa yananitoka na sikutaka watu waseme mdhamini analia.

Njia nzima ya kurudi alikuwa anaongea. Alimsema mwamuzi kwamba anapuliza kipenga kama anayepoza chai. Alinibishia njia, akasema nimempitisha barabara isiyo yetu, na kweli nilikuwa nimempitisha ndefu makusudi ili aendelee kuongea. Tulipofika mlangoni aliniambia kwa Kinyaturu, maana mambo ya moyoni hayasemi kwa Kiswahili, kwamba alidhani nimemchoka, ndiyo maana na mimi nilikuwa nimenyamaza. Kumbe kila mmoja alikuwa anamngojea mwenzake. Hilo, afande, unaweza kuliacha ukiona halifai. Mimi nimelisema.

Mwezi wa kumi na moja na wa kumi na mbili marejesho yalilipwa kwa viingilio, watu walikuja kwa wingi. Januari mvua zikakataa kukatika. Uwanja ukawa bwawa, mechi zetu zikahamishiwa Manyoni, na mlangoni pa Mawemawili hapakupita mtu. Rejesho la Januari na la Februari mwenyekiti alilipa kwa kuuza pikipiki yake mwenyewe. Aliyeinunua yupo, anaweza kuitwa. La Machi halikupatikana.

Mwishoni mwa mwezi huo mwenyekiti alikuja nyumbani kwangu jioni. Nilimkaribisha kiti, hakukaa. Akasema, "Mama Manase, neno lile siyo lile." Nikamuuliza neno gani. Akasema, "Mdhamini. Kampuni imeniita leo. Kwao ni mtu anayelipa mwenzake akishindwa. Wanasema mashine ndiyo dhamana, pamoja na zile bati." Tulitazamana. Nilianza kucheka mimi, naye akacheka, tukacheka hasa, kisha yeye akalia. Mtu mzima mwenye wajukuu. Mume wangu akasema, "Mwenyekiti, kaa unywe uji." Akakaa. Hayo ndiyo mazungumzo yetu yote ya siku hiyo.

Mnamo tarehe 14/5/2024, Jumanne, mnamo saa 3 asubuhi, nikiwa kwenye mashine, Yasinta alinipigia simu kwamba dalali yuko uwanjani na lori na ngazi, wanafungua bati za jukwaa. Nilipanda bajaji nikaenda. Nilimkuta mwenyekiti ameshika ngazi kwa mikono miwili, anawaambia mafundi, "Fungueni, fungueni zote, mashine ya mama msiiguse." Bati moja lilikuwa limeshashushwa, limelala kwenye nyasi. Pale lilipotoka mwanga ulikuwa unaingia hadi kwenye ngazi tunayokaa.

Dalali alijitambulisha kwa jina la Shukuru. Aliniambia shikamoo vizuri kabisa, nikamwitikia marahaba, ndipo akanieleza alichofuata. Alisema kampuni imemruhusu achukue bati au mashine, kimojawapo kinatosha kufunga deni. Mwenyekiti amechagua bati, lakini mashine ni yangu, kwa hiyo anataka kunisikia na mimi.

Nilitazama juu. Sikufikiria sana, na hilo ndilo Manase hataki kuliamini. Nilisema wachukue mashine.

Mwenyekiti aliachia ngazi. Akasema, "Mama Manase, usifanye hivyo. Mtakula nini? Manase je?" Nilimwambia fundi arudishe kwanza lile bati moja, na nilisimama palepale mpaka alipogongelea msumari wa mwisho. Kisha nikapanda kwenye lori nikawaonyesha njia ya kwangu.

Mume wangu alikuwa ameketi mlangoni. Alisikia bolti zikifunguliwa kwenye msingi, akauliza ni nini. Nilimwambia wanaipeleka matengenezo. Akasema haya. Mpaka leo hajaniuliza itarudi lini. Yeye ni mtu wa kujua mambo kwa sauti, na ile haikuwa sauti ya kitu kinachorudi. Nadhani anajua, anangoja nimwambie mwenyewe.

Mwanangu Manase anaishi Mkiwa na mke wake na watoto. Ndiye anayenunua alizeti kwa wakulima na kutuletea, na faida tunagawana. Siku hiyohiyo saa 12 jioni alifika na gari la magunia. Alikuta msingi mtupu na mafuta yamemwagika chini. Hakunipigia kelele. Aliinama akaokota nati moja, akaitia mfukoni, akaniuliza kama nimekula. Afadhali angepiga kelele. Ana ada za watoto, ana magunia ya kukamua na hana pa kukamulia. Sisemi hana haki ya kukasirika, anayo yote. Kesho yake, tarehe 15/5/2024, alikuja hapa kituoni kumshitaki mwenyekiti.

Jana aliniambia, "Mama, sema tu ulidanganywa. Polisi wakiona ulidanganywa, mashine inarudi, wao wakachukue bati zao. Baba atazoea. Si alishazoea mara ya kwanza?" Nilitaka kumwambia hakuzoea. Manase alikuwa akija siku moja moja, anamkuta baba yake amekaa, anamsalimia, anaitikiwa, anarudi Mkiwa ameridhika. Mimi ndiye niliyekuwa nabaki na kile kimya. Sikumwambia. Mtoto akijua baba yake aliteseka vile na yeye hakuona, nimemsaidia nini?

Afande ameniuliza kama Bwana Paschal Marko alinieleza jambo lolote la uongo ili nisaini. Nimejibu hapana. Alinieleza alichokijua, na alichokijua ndicho nilichokijua mimi. Tulikosea neno wote wawili, na kijana wa kampuni naye alitukosea kwa kucheka.

Afande amenieleza kwamba jibu hilo likikaa hivyo, shauri la udanganyifu litakuwa gumu, na mashine itauzwa kwa mnada. Nimesema nimeelewa. Mashine ile naipenda. Ina sauti yake asubuhi ikianza kuwaka, na harufu ya mashudu iko kwenye nguo zangu zote. Jana na leo nimeamka saa ileile nikatoka nje, nikasimama kwenye msingi, sina la kufanya. Inaniuma, na nitakufa inaniuma.

Afande ameniuliza swali la mwisho: kama siku ile ya tarehe 10/8/2023 ningejua maana yenyewe ya neno mdhamini, je? Nimejibu ndiyo. Ameniuliza ndiyo ipi, ningesaini au nisingesaini. Nimemwambia ningesaini. Ningeogopa, na habari za jezi za njano nisingezitaja. Lakini ningesaini.

Ninayoyajua kuhusu mkopo wa jukwaa yameishia hapo. Nimeyasema kwa hiari yangu, nimesomewa, na nayakubali kuwa ni yangu.

Saini ya shahidi: W. Alute

Maelezo ya mwandishi: Maelezo haya nimeyaandika mimi, WP Koplo Ritha, mpelelezi, na kuyamaliza saa 6:35 mchana. Nimemsomea shahidi naye amesahihisha sehemu moja: nilikuwa nimeandika "nilidanganywa na neno", ametaka iandikwe "tulikosea neno", na nimerekebisha mbele yake. Baada ya kusaini, shahidi ameomba nimwite ndani mlalamikaji, mwanawe Manase Enock, aliyekuwa akisubiri nje tangu asubuhi, nimsomee mimi maelezo haya, kwa kuwa yeye mwenyewe akimtazama mwanawe usoni atabadilisha maneno. Nimemfahamisha kuwa siwezi kufanya hivyo. Ameketi kwenye benchi. Kisha ameniuliza kama maelezo yakishasainiwa yanaweza kubadilishwa na mtu akiwa nje ya kituo. Nimemjibu hapana. Ameshukuru, na ametoka kwenda kumwambia.